Yaroslavl, mji uliojengwa kwa fedha za manyoya na ngozi

Chukua ramani ya katikati ya mji wa Yaroslavl, uitazame kwa utulivu. Utaona barabara zilizonyooka zikitoka pande mbalimbali na kukusanyika kwenye uwanja mmoja, na katikati ya uwanja huo limesimama kanisa la Nabii Eliya. Mpango huo wa mitaa uliidhinishwa mwaka 1778, enzi za Malkia Catherine wa Pili, ambaye tangu 1763 alikuwa ameagiza miji ya Urusi ipangwe upya kwa mistari iliyonyooka. Waliochora mpango walikuwa na mamlaka ya kubomoa chochote, na kweli walibomoa mengi. Lakini walipofika kwenye kanisa hili walisimama. Lilikuwa limejengwa zaidi ya miaka 120 kabla yao na ndugu wawili wauza manyoya, nao wakaliacha palepale, wakazunguka uwanja kwa ofisi za serikali, na barabara kubwa wakazielekeza kwake.

Nilipolijua jambo hilo, Yaroslavl uliacha kuwa kwangu mji wa kupita tu. Niliishi Urusi kwa ajili ya masomo, na kama wageni wengi nilikuwa nimejaa picha za Kremlin ya Moscow na makasri ya Saint Petersburg, majengo ambayo wafalme walijijengea. Yaroslavl, kilomita 250 hivi kaskazini mashariki ya Moscow, una habari nyingine kabisa. Fedha iliyousimamisha ilitoka kwa watu wa soko: wauza manyoya, wauza chumvi, watengeneza ngozi. Majengo yao nayapenda kuliko kasri lolote nililoingia katika nchi ile, na nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza jiografia, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Mji uko pale mto Kotorosl unapoingia kwenye mto Volga. Mapokeo yanasema ulianzishwa mwaka 1010 na mtawala Yaroslav, aliyeitwa Mwenye Hekima, baada ya kumuua dubu waliyekuwa wakimwabudu wenyeji wa hapo. Dubu huyo bado yumo kwenye nembo ya mji, amebeba shoka begani. Kwa karne kadhaa ulikuwa mji wa kawaida wa mtoni. Mambo yalibadilika Waingereza walipofika Urusi kwa njia ya Bahari Nyeupe mwaka 1553, wakafungua biashara, na Waholanzi wakawafuata. Meli zilitia nanga Arkhangelsk. Bidhaa zikapanda kwa mito hadi Vologda, na kutoka hapo zikaja nchi kavu, mara nyingi kwa sleji juu ya theluji, hadi Yaroslavl. Hapa njia ilikutana na Volga, mto unaoshuka hadi Astrakhan na kufungua mlango wa Uajemi. Manyoya ya Siberia nayo yalipita hapa. Waingereza wakaweka nyumba yao ya biashara mjini, Waholanzi nao vilevile. Kila kitu kilichopita kilihesabiwa, kikapimwa, kikahifadhiwa, kikauzwa tena, na wenyeji walijua kuchukua faida yao katika kila hatua.

Utajiri huo ulionekana wazi mwaka 1612. Urusi ilikuwa imesambaratika, Moscow imeshikwa na jeshi la Wapolandi, na jeshi la kujitolea lililoongozwa na Dmitry Pozharsky na Kuzma Minin lilipiga kambi Yaroslavl kwa takriban miezi minne, likijiandaa kuukomboa mji mkuu. Katika miezi hiyo serikali ya muda ilikaa hapa. Wafanyabiashara wa mji walichangia gharama. Mmoja wao alikuwa Nadeya Sveteshnikov, na mwingine Grigory Nikitnikov, ambaye baadaye alihamia Moscow na kujenga kule kanisa la Utatu linaloitwa kwa jina lake hadi leo.

Nadeya alibaki Yaroslavl kwa muda, na mwaka 1620 alianza kujenga kanisa la Mtakatifu Nikolasi karibu na ukingo wa Volga, likakamilika 1622. Watu wa mji bado wanaliita kwa jina la aliyelijenga: Nikola Nadein. Lilikuwa kanisa la kwanza la mtaa kujengwa kwa mawe na matofali mjini hapa, na ndani yake alijitengea kikanisa kidogo cha familia, chenye mlango wake. Alikuwa na mashamba ya chumvi huko chini karibu na Samara, alikuwa na manyoya, alikuwa na cheo cha juu kabisa ambacho mfanyabiashara angeweza kupewa na mfalme. Mwaka 1646 alikufa akiwa mdaiwa wa hazina ya mfalme, mikononi mwa maofisa waliokuwa wakimlipisha deni kwa viboko, kama sheria ya wakati ule ilivyoruhusu. Nilisimama mbele ya kanisa lake nikiwa nalijua jambo hilo, na ukweli ni kwamba kila niliposoma baadaye kuhusu utajiri wa wafanyabiashara wa Yaroslavl nilimkumbuka yeye. Mali yao ilikuwa kubwa na haikuwa salama hata siku moja. Mfalme angeweza kuichukua, na moto pia.

Moto ulikuja 1658. Mji ulikuwa wa mbao, kama miji yote ya Urusi ya wakati ule, na sehemu kubwa iliungua. Baada ya hapo walianza kujenga kuta na minara ya mawe kuzunguka mji, na miwili kati ya minara hiyo ingali imesimama. Makanisa ya mawe nayo yakaongezeka mtaa hadi mtaa. Hapa kuna jambo ambalo mgeni halioni kwa urahisi. Tajiri wa Yaroslavl mwenyewe aliendelea kuishi kwenye nyumba ya magogo, kwa sababu nyumba ya magogo ni kavu na ina joto wakati wa baridi kali. Jengo lake la mawe lilikuwa kanisa. Na chini ya kanisa, kwenye ghorofa ya chini yenye kuta nene na madirisha madogo yenye nondo, aliweka bidhaa zake. Juu watu wanasali, chini kuna mizigo ya manyoya ambayo moto hautaifikia. Wako watakaoona hilo kama kuchanganya mambo. Mimi naona ni uaminifu wa aina fulani: mtu aliweka mahali pamoja vitu viwili alivyoogopa zaidi kuvipoteza.

Aliyezaliwa pwani yetu atatambua tofauti mara moja. Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar, mfanyabiashara aliweka fahari yake kwenye nyumba, na zaidi kwenye mlango, ule mlango mzito wa kuchongwa unaomwambia mpita njia yeye ni nani. Yaroslavl nyumba za matajiri wa karne ya 17 karibu zote zimepotea pamoja na magogo yake. Kilichobaki ni kile walichompa Mungu na mtaa.

Tuingie sasa kanisa la Nabii Eliya. Ndugu hao wawili waliitwa Anikey na Vonifaty Skripin. Walifanya biashara ya manyoya ya Siberia, walijulikana hadi kwenye baraza la mfalme, na Patriaki, mkuu wa kanisa la Urusi, aliwapa zawadi ya kipande cha vazi linaloaminika kuwa la Yesu. Kwa ajili ya kipande hicho walijenga kikanisa pembeni chenye paa refu lililochongoka kama hema. Kanisa lote lilijengwa kati ya 1647 na 1650. Kwa nje ni jeupe, na makuba yake matano ni ya kijani, umbo la kitunguu. Halina ulinganifu: upande mmoja hema la mawe, upande mwingine mnara wa kengele, na varanda iliyofunikwa ikizunguka. Wachoraji wa mpango wa 1778, waliopenda kila kitu kilingane kushoto na kulia, waliweka katikati ya mchoro wao jengo lisilolingana hata kidogo. Na linapendeza sana hapo.

Lakini ni ndani ndiko kunakoshika watu. Ndugu wale walikufa, na aliyekamilisha kazi alikuwa mwanamke, Ulita, mjane wa Vonifaty. Yeye ndiye aliyewaita mafundi wa kuchora kuta, majira ya joto ya mwaka 1680. Kiongozi wao alikuwa Gury Nikitin wa Kostroma, pamoja na Sila Savin, na kikosi kizima kilikuwa na watu 15. Kazi ya namna hii hufanywa juu ya lipu mbichi, kwa hiyo lazima umalize kipande cha siku kabla hakijakauka, na Urusi huwezi kuifanya ila miezi ile michache ambayo hakuna baridi kali. Waligawana kazi. Bingwa alichora mistari ya mwanzo kwenye ukuta mzima, mwingine alipaka nyuso tu, mwingine mavazi, mwingine majani na maua. Waliandika majina yao ukutani, jambo ambalo wachoraji wa vizazi vya kabla yao hawakuwa na mazoea nalo.

Kuta zote zimejaa, kutoka usawa wa kichwa cha mtu hadi ndani ya makuba, safu juu ya safu. Ukuta mmoja ndio nitakaoueleza. Msomaji aliyekulia kanisani anakijua kisa cha mwanamke Mshunami katika Wafalme wa Pili: mwanawe alikwenda shambani kwa baba yake wakati wa mavuno, akalalamika kichwa kinamuuma, akabebwa hadi kwa mama yake, akafa mapajani mwake, na Elisha akaja kumfufua. Kwenye ukuta wa kina Skripin kisa hicho kimekuwa shamba la mavuno. Wavunaji wameinama na mundu mkononi, mashati yao mekundu, ya buluu, ya kijani, na nafaka imesimama nyuma yao kama ukuta wa dhahabu. Mtoto yumo, na ugonjwa wake umo, lakini jicho linavutwa kwanza na migongo ya wale watu wanaofanya kazi. Nilikaa mbele yake muda mrefu. Mchoraji aliyajua mavuno. Alijua mkono unavyoshika mashina kabla mundu haujapita.

Na mpangilio wa picha hiyo ulitoka Uholanzi. Gury Nikitin na wenzake walikuwa na kitabu cha picha za Biblia kilichochapishwa Amsterdam, cha mchapishaji aliyejulikana kwa jina la Kilatini Piscator, na kitabu hicho kilifika Urusi kwa njia zilezile za biashara zilizoleta nguo na kupeleka ngozi. Picha za kitabu zilikuwa nyeusi na nyeupe, za kuchongwa kwenye sahani za shaba, ndogo. Mafundi wa Kostroma waliziinua hadi ukubwa wa ukuta, wakazipa rangi ambazo hazikuwamo, wakawavika watu mavazi waliyoyaona wenyewe, wakaacha kivuli na kina cha Kizungu na kuzifanya bapa na angavu kwa mtindo wao. Husomi kitu kama hicho kwenye vitabu vinavyosema Urusi ya kabla ya Mfalme Peter Mkuu ilikuwa imejifungia isijue chochote cha nje. Wafanyabiashara walijua, na picha walizolipia zinaonyesha hivyo.

Ng'ambo ya Kotorosl ndiko kuna jengo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, kanisa la Yohana Mbatizaji la Tolchkovo. Kama umewahi kushika noti ya ruble 1000 ya toleo lililoanza 1997, liko nyuma ya noti hiyo. Wengi wanalibeba mfukoni bila kujua liko wapi.

Hapa hapakuwa na tajiri mmoja. Tolchkovo ulikuwa mtaa wa watengeneza ngozi. Kazi yao ilinuka: ngozi mbichi, chokaa ya kuondolea nywele, magome ya miti yaliyotwangwa na kulowekwa kwenye mapipa, mafuta ya lami ya mti wa birchi ya kulainishia. Ndiyo sababu walikaa ng'ambo ya mto, mbali na pua za wakubwa. Lakini ngozi ya Yaroslavl, laini na isiyoingiza maji, ilitakiwa sana Ulaya kwa viatu na hata majalada ya vitabu. Mwaka 1671 watu wa mtaa huo walianza kujenga, na iliwachukua hadi 1687. Matajiri wa mtaa walitoa zaidi, maskini walitoa walichokuwa nacho pamoja na nguvu za mikono yao.

Walichojenga hakina mfano. Makanisa ya Urusi huwa na kuba moja au matano. Hili lina 15. Mafundi waliinua vikanisa viwili vya upande wa mashariki hadi urefu wa kanisa lenyewe, na kila kimoja wakakipa makuba matano, kwa hiyo ukilitazama kutoka upande wa mto unaona makundi matatu ya makuba yaliyosimama pamoja. Halafu sogea karibu na ukuta. Kwa mbali unadhani ni mawe ya kuchongwa. Ukisogea unakuta ni tofali tupu, jekundu, lakini tofali lililofinyangwa kwa maumbo mengi: la duara, la pembe, la kukunjwa kama kamba, la kuchomoza na la kurudi ndani. Nguzo ndogo zimefungwa kama mafundo. Fremu za madirisha hazifanani. Katikati ya matofali wamepachika vigae vya rangi vyenye maua, na kila hatua moja unayosogea, mwanga unabadilisha vivuli vya mistari hiyo. Hakuna jiwe la thamani popote. Ni udongo uliochomwa na akili za watu waliokuwa na subira.

Ndani, kuta zilichorwa 1694 na 1695 na kikosi cha Dmitry Plekhanov na Fyodor Ignatyev. Matukio ni mengi mno kuhesabu. Yanajaa hadi kwenye varanda, hadi kwenye miimo ya milango. Katika kanisa hili unaona pia kitabu cha Amsterdam kikirudi, lakini watu wamekuwa wengi zaidi, majengo yamerefuka, kila kona kuna jambo linatokea. Wapo wataalamu wanaosema mchoro wa Nabii Eliya ni bora kwa sababu umetulia. Naelewa wanachosema, na bado naupenda huu wa Tolchkovo. Watengeneza ngozi walitaka Biblia yote iingie kwenye kuta zao, na wakaipata.

Pembeni kuna mnara wa kengele wa tabaka saba, wa mita 45 hivi, ambao umeinama kidogo. Na karibu sana na ukuta wa kanisa kuna kiwanda cha rangi, kilichokuwepo tangu zamani. Wageni wengine wanalalamika kwamba kinaharibu picha. Mimi sikuona ajabu. Mtaa huu ulikuwa wa viwanda tangu mwanzo.

Ukishuka kando ya maji unafika Korovniki. Huko ndugu wengine wawili, Fyodor na Ivan Nezhdanovsky, walijenga kanisa la Yohana Krisostomo kati ya 1649 na 1654. Yaroslavl walikuwa na desturi ya kujenga makanisa mawili pamoja: kubwa, refu, lisilo na joto, la kusali majira ya joto, na jingine dogo, la chini, lenye majiko, la kusali wakati wa baridi. Sababu ni moshi. Majiko yangeziharibu picha za ukutani. Korovniki jozi hiyo imebaki kamili, la pili likiwa limeongezwa 1669, na kati yake upo mnara wa kengele wa mita 37, mwembamba mno, ambao watu wanauita mshumaa wa Yaroslavl. Nyuma ya madhabahu ya kanisa la Yohana kuna dirisha moja. Fremu yake ni ya vigae vitupu, bluu, kijani, manjano, vimepanda ukuta kama mmea uliochanua. Niligusa kimoja: kina ubaridi, uso wake una mawimbi madogo ambayo vidole vya mfinyanzi viliyaacha kabla hakijachomwa.

Karne ya 18 ilileta pigo. Peter Mkuu alianzisha Saint Petersburg mwaka 1703 na akalazimisha biashara ya nje ipite huko, Arkhangelsk ikafifia, na njia iliyoilisha Yaroslavl ikakauka. Mwaka 1714 alipiga marufuku ujenzi wa mawe kila mahali nchini isipokuwa mji wake mpya, ili mafundi wote wahamie huko. Fikiria mafundi wa Tolchkovo, waliojua tofali kuliko mtu yeyote Urusi, wakiambiwa waache. Mji haukufa. Kiwanda kikubwa cha kitani kilianza mwaka 1722. Mnamo 1750 Fyodor Volkov, aliyelelewa na baba wa kambo mfanyabiashara, alianza kuonyesha maigizo ghalani, na kutoka hapo ukazaliwa ukumbi wa kwanza wa maigizo wa umma wa Warusi. Lakini ule wakati wa kila mtaa kushindana kujenga ulikuwa umepita, na kwa sababu hiyo hakuna aliyekuwa na fedha ya kubomoa makanisa ya zamani na kuweka ya mtindo mpya. Umaskini wa kiasi uliyahifadhi.

Kisha ndiyo ikaja ramani ya 1778 niliyoanza nayo, na baada yake nyumba za mawe za wafanyabiashara wa karne ya 19, za rangi ya manjano na nyeupe, duka chini na familia juu, na soko kubwa lenye nguzo lililojengwa miaka ya 1810. Ni majengo mazuri na nitayapita haraka, kwa sababu miji mingine ya Volga nayo inayo. Ila siwezi kumpita Ivan Vakhrameev, mfanyabiashara aliyewahi kuwa meya wa mji, aliyekufa 1908. Alikusanya hati za kale, akagharamia ukarabati wa Nabii Eliya na wa Tolchkovo wakati ambapo makanisa ya karne ya 17 yalionekana na wengi kama mambo ya wahenga wasiojua sanaa. Miaka michache baada ya kifo chake, karibu 1911, mpiga picha Sergey Prokudin-Gorsky alikuja na kamera yake ya rangi, ile iliyopiga picha tatu kupitia vioo vitatu vya rangi, akayapiga makanisa haya. Sahani zake sasa ziko Maktaba ya Bunge la Marekani na zinaonekana mtandaoni. Nenda ukazitafute. Utaona Yaroslavl kabla ya mwaka 1918.

Julai mwaka huo maofisa wa kijeshi waliowapinga Wabolsheviki, wakomunisti waliokuwa wameshika serikali, waliuteka mji. Jeshi Jekundu liliupiga mizinga kwa majuma mawili hadi tarehe 21. Mitaa ya mbao ikateketea. Chuo cha Demidov kikaungua pamoja na maktaba yake. Makuba yalitobolewa na minara ikavunjika. Kwenye magofu hayo alifika kijana msanifu, Pyotr Baranovsky, ambaye baadaye jina lake lingejulikana Urusi nzima kwa kutetea majengo ya kale, akaanza kuziba mapaa na kufunga nyufa za monasteri ya Spassky, ambayo kanisa lake kuu la 1516 ndilo jengo la zamani kuliko yote mjini. Waliofuata hawakuwa wote kama yeye. Miaka ya 1920 na 1930 makanisa mengi yalivunjwa, na mwaka 1937 kanisa kuu la Kupalizwa, lililokuwa pale kwenye ncha ya mito miwili, lililipuliwa. Nabii Eliya lilisalimika kwa kugeuzwa makumbusho.

UNESCO iliuingiza mji wa kale, hekta 110, kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2005. Sababu zilizotajwa ni mbili, makanisa ya karne ya 17 na ule mpango wa Catherine. Lakini wakati huohuo lilikuwa linajengwa upya kanisa kuu lililolipuliwa, kwa fedha za mfanyabiashara mmoja, na likazinduliwa 2010 mji ulipotimiza miaka 1000. Ni kubwa kuliko lililokuwepo, na makuba yake ya dhahabu yanaonekana kutoka mbali. Nimelifikiria sana. Waumini walikuwa na haki ya kurudishiwa kanisa lao, na mtu kutoa mali yake kujenga kanisa ni jambo la kale kabisa katika mji huu. Walakini waliojenga hawakurudisha kile kilichovunjwa. Ukisimama Korovniki jioni, mnara mwembamba wa kengele na makuba ya zamani ya ng'ambo viliwahi kuongea kwa kipimo kimoja, na sasa jengo moja linazidi sauti ya mengine. UNESCO ilitoa wasiwasi wake kuhusu ukubwa huo. Nakubaliana nayo. Nadeya Sveteshnikov alikuwa na fedha ya kujenga refu zaidi na akajenga linalokaa na mtaa wake.

Jambo linaloniumiza zaidi, hata hivyo, haliandikwi sana. Nyuma ya barabara kuu zingali zimesimama nyumba za mbao za karne ya 19, zenye fremu za madirisha zilizochongwa kwa ustadi kama ule wa matofali ya Tolchkovo. Nyingine zimepakwa rangi na zinakaliwa. Nyingine zimezibwa madirisha kwa mabati na zinasubiri moto au tingatinga. Hakuna noti itakayochapisha picha zao. Kama ningekuwa na sauti mjini hapo ningeanza nazo, kwa sababu makanisa yanao watetezi na nyumba hizi zina mvua tu.

Kwa atakayekwenda: nenda kati ya Juni na Agosti. Nabii Eliya halina joto, hufungwa majira ya baridi, na hata siku za mvua kubwa wanaweza kulifunga ili unyevu usiingie na wageni ukaharibu picha, kwa hiyo jipe siku zaidi ya moja. Treni kutoka Moscow huchukua saa tatu na kitu hadi nne. Anza kwa Nabii Eliya asubuhi, jua likiwa bado chini, kisha tembea Mtaa wa Kirov hadi Mnara wa Znamenskaya uone jinsi barabara ilivyochorwa ili ukigeuka nyuma kanisa liwe mbele yako tena. Tolchkovo iache alasiri, wakati mwanga unapopiga ukuta kwa pembe na matofali yanaanza kuonyesha maumbo yake. Chukua darubini ndogo kama unayo, maana picha nzuri kuliko zote ziko juu mno, na walinzi, wengi wao akina mama watu wazima wanaokijua kila kisa kilichochorwa ukutani, wakiona unatazama kwa makini watakuja wenyewe kukuonyesha mahali pa kuelekeza macho.